Mzee Asiyesema Amina

Siku ile walikuwepo hawa: mzee wa kanisa, aliyekuwa akiongoza safari, Jumanne, jirani yetu Mwislamu, mrina asali hodari kuliko wote kijijini, Masanja, aliyekuwa ameoa juzi juzi na anataka nyumba yake iwe ya bati, na wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto. Hao ndio waliokuwa wakiingia msituni. Tuliowasindikiza ni mke wa mzee, Kabula mke wa Masanja, mimi, na Shija, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa ameshika pindo la kanga yangu na hakutaka kuliachia.

Nimewataja wote kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya mzee wa kanisa, na sijui namna nyingine ya kuanza kumsimulia.

Kijiji chetu kiko mbele ya Sikonge. Ukimaliza mashamba ya tumbaku njia inaingia msitu wa miombo, na hapo pana kichuguu kikubwa kilichomegwa upande mmoja na watu wanaochimba udongo wa tofali. Wazee wanasema njia ile ilikuwa ya wapagazi waliokuwa wakienda ziwani. Mzee wa kanisa alisema, "Njia hii imewazoea watu wasiorudi. Lazima tuiambie sisi tunarudi." Basi kila safari ya asali ilisimama pale. Watu walilaza baiskeli chini. Yeye alivua kofia, akafumba jicho moja, lile jingine akaliacha wazi kwa sababu ya nyoka, akaanza kumwambia Mungu ni nani anaingia.

Hakutaja jina tupu. Kila mtu alimtaja na udhaifu wake, mbele ya watu, bila aibu.

"Baba, anaingia Jumanne, mwenye goti bovu."

"Mzee, mimi nitaje taratibu," Jumanne alisema. "Usije ukanibatiza."

"Anaingia Jumanne, mwenye goti bovu na mdomo. Anaingia Masanja, ambaye mawazo yake yamebaki nyumbani kwa Kabula. Anaingia Kulwa, mwenye hasira. Anaingia Doto, asiyesikia akiitwa mara moja. Naingia mimi, mwoga."

Akaishia hapo. Pale hakusema amina. Amina aliiweka mpaka siku ya kutoka. Wakirudi, walisimama tena kwenye kichuguu kile kile, akawataja mmoja mmoja, na kila aliyetajwa alijibu mwenyewe, "Nimetoka." Wakiisha wote, ndipo alipofunga sala. Kwake safari nzima ilikuwa sala moja, hata kama imechukua mwezi. Nilipomuuliza kwa nini asiombe mara mbili kama watu wengine, alisema, "Ukiazima kitu cha mtu, unaaga wakati wa kuazima au wakati wa kurudisha?" Sikumwelewa. Nilikuwa na ugali jikoni.

Aliingia maishani mwetu siku ya kuanua matanga ya mama. Baba alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa darasa la sita, na tayari nilikuwa nimeacha kwenda shule tangu mama alipolala kitandani. Baba mdogo alikuwa amekaa uani na wajomba, wanatugawa.

"Kulwa aende Nzega," alisema. "Doto aende Goweko kwa shangazi yake. Huyu mdogo nitamchukua mimi."

Mzee wa kanisa alikuwa pembeni anakunywa maji. Akauliza, "Na huyu mkubwa?"

"Huyu ataolewa."

"Lini?"

"Mzee, haya ni mambo ya ukoo."

"Nauliza tu, maana jioni inakuja. Leo atapika wapi?"

Mimi nilisema, "Hapa. Na hawa watakula hapa." Sikusema kwa ushujaa. Niliona tu kwamba sufuria zetu ziko pale na sijui zingegawanywaje.

Mzee alirudisha kikombe, akamwambia baba mdogo, "Umesikia." Basi. Hakutoa mahubiri. Kesho yake mkewe alileta matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, kapu zima, na maneno yakaisha. Msimu uliofuata mzee alitukabidhi mizinga yake iliyokuwa karibu na kijiji. Wadogo zangu walipomaliza la saba na kukaa nyumbani bila la kufanya, alikuja rasmi, amevaa koti.

"Mama," aliniambia. Aliniita mama tangu siku ile ya matanga, nikiwa bado mtoto. "Nipe vijana niwafundishe asali ya mbali. Nitakurudishia."

Nikampa.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mgumu kwa nta. Angeweza kugombana na mtu asubuhi nzima kwa kipande kisichotosha kuziba ndoo. Kanisani alisinzia mahubiri ya wengine, na wengine wakisinzia yake alinuna wiki nzima. Mbwa aliwaogopa hasa. Mtu aliyepanda mti mrefu kama mnara wa simu, moshi mkononi na nyuki masikioni, akiona kambwa kadogo njiani alirudi akazunguka kwa majirani.

Mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli. Alikuwa ameling'oa mwenyewe, wakati ule wezi waliposumbua vijiji vyetu na watu wakawa wanalala na mapanga. Mkewe alilia. Yeye akamwambia kwamba amekwisha kumtaja Mungu mlangoni, sasa akiweka na kufuli itakuwa kama kumwajiri mlinzi halafu unakesha naye. Lakini sukari yake ilikuwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo wa sanduku uliningʼinia shingoni mwake.

"Mzee, sukari Mungu haiwezi?" Jumanne alimuuliza mbele yangu.

"Nyumba namwachia Mungu. Sukari nailinda mwenyewe, kwa sababu naijua familia yangu."

Hirizi hakuzitaka. Warina asali wengi wa kwetu hawaingii msituni bila dawa ya nyoka, nyingine ya kunywa, nyingine ya kuchanja, na yapo masharti ya wale wanaobaki nyumbani. Yeye alikataa yote. Lakini kila asubuhi alikung'uta viatu vyake, akavigonga kwenye jiwe, akachungulia, akavikung'uta tena. Kamba ya kupandia aliikagua kwa vidole kama mwanamke anayechambua mchele, na ikiwa na uzi mmoja uliokatika, safari iliahirishwa. Kijana mmoja aliwahi kumcheka, kwamba mbona hamwachii Mungu na kamba. Alijibu, "Nikianguka yeye atanidaka. Sitaki kumchosha."

Kuna siku kanisa lilikodi basi tukaenda Kwihara, kwaya na wazee, kuona lile tembe, nyumba ya udongo walimokaa Wazungu wa zamani. Mwelekezaji alitueleza vizuri: huyu aliumwa hapa, hapa aliomba, hapa aliagana na mwenzake. Mzee wa kanisa alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na waliobeba mizigo? Walikuwa wanaitwa nani?"

"Wachache majina yao yapo, mzee. Wengi hayapo."

"Waliingia wangapi, wakatoka wangapi?"

"Hilo halijulikani."

Wengine tuliendelea na vyumba vilivyobaki. Yeye alitoka nje. Tuliporudi kwenye basi tulimkuta amesimama juani, kofia mkononi, jicho moja wazi. Mchungaji alimwita mara kadhaa. Alipopanda, mkewe alimuuliza alikuwa anaomba nini kwa watu asiowajua. Akasema alikuwa hawezi kuwataja, kwa hiyo amemwomba Mungu awataje mwenyewe, na yeye amesimama tu kusikiliza.

Sasa niseme kuhusu ile safari niliyoanza nayo.

Mimi sikuwa msituni. Nasema nilivyoambiwa na Jumanne, ambaye hajui kupamba maneno. Mvua zilikuja mapema. Kambi yao ilikuwa upande huu wa mto, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, unavuka na baiskeli ukiisukuma. Mizinga kadhaa ilikuwa ng'ambo. Asubuhi moja Doto alivuka kwenda kumalizia mzinga waliouacha jana yake. Hapo kambini hapakunyesha hata tone. Mvua ilinyesha huko juu, mbali, na maji yakashuka mchana yakiwa na magogo. Walimwita kutoka ukingoni. Jumanne anasema waliita mpaka sauti zikakauka.

Maji yalipopungua walivuka. Waliikuta baiskeli imeegemezwa kwenye mti, ndoo mbili za asali zimefungwa nyuma kwa mpira, vifuniko vimebanwa vizuri, nta pembeni, hakuna hata sisimizi. Doto hawakumwona. Wala shati, wala kandambili. Walitafuta kuteremka na mto, wakatafuta na huku msituni kwa sababu labda alitembea. Wanakijiji waliongezeka, polisi walikuja na pikipiki wakaandika maelezo. Hakupatikana. Mpaka ninapoandika, hakupatikana.

Siku ya kutoka tulikuwa kwenye kichuguu. Habari zilikuwa zimetangulia. Walilaza baiskeli chini. Ile ya Doto ilikuwa imesukumwa na Masanja, na ndoo zake mbili.

Mzee alivua kofia.

"Ametoka Jumanne."

"Nimetoka."

"Ametoka Masanja."

"Nimetoka."

"Ametoka Kulwa."

Kulwa hakujibu. Nilijibu mimi: "Ametoka."

"Doto," mzee alisema. Jina tu. Tulisikia nzi kwenye ndoo za asali. Alisubiri kwa muda ambao mtu akiitwa kutoka shamba la pili angekuwa amefika. Halafu akasema, "Nimetoka mimi, mwoga," akavaa kofia. Hakusema amina. Tulikwenda nyumbani.

Sikulia. Nilisonga ugali, nikapakua sahani, nikapakua na ya Doto kwa mazoea, Shija akaila. Asali ile tuliila na uji msimu mzima. Ilikuwa nzuri, nyeupe, ya maua ya miombo. Watu walishangaa kwamba tunaila. Sikujua tungeifanya nini nyingine.

Tangu siku hiyo hakusema tena amina. Si msituni tu. Kanisani alipoombwa kuongoza sala aliomba vizuri kuliko mwanzo, maneno yake yametulia, halafu alikaa chini. Watu walibaki wameinamisha vichwa, hawajui kama imekwisha. Mwishowe bibi mmoja wa benchi la nyuma alijizoeza kukohoa na kusema "Amina" kwa niaba yake, na watoto wakawa wanaigiza kikohozi kile barabarani. Mchungaji alimuuliza mbele ya wazee wenzake.

"Mzee, kwa nini hufungi sala?"

"Sijamaliza."

"Utamaliza lini?"

"Yupo mtu ndani."

Maneno ya watu yalikuwepo. Kilabuni mmoja alimwambia, "Mzee, mimi ukipita kichuguuni usinitaje. Niache nilivyo." Wakacheka. Masanja hakuingia naye tena. Alikwenda kwa mganga, akarudi na kitu kimefungwa mkononi. Mzee alikiona akamwambia, "Kamba yake ikikatika, njoo." Hakukasirika. Ila usiseme hakuumia. Kofia aliivaa mpaka ndani ya nyumba, na mizinga ya ng'ambo ya mto hakuifuata tena. Ipo huko, nyuki wanakaa bure.

Mimi sikumlaumu, na sikumwambia kwamba simlaumu. Aliendelea kupita kwetu kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Yupo?"

"Hajafika."

"Haya."

Anakunywa uji, anaondoka. Miaka ilikwenda hivyo. Shija alikuwa akikua, akaingia sekondari, akawa anasikia maneno yale yale mawili akiwa anafua sare. Siku moja akaniuliza, "Dada, mzee ana akili timamu?" Nikamwambia afue kola vizuri.

Mara moja tu nilimuuliza lililokuwa moyoni. Nilimwambia, "Mzee, Mungu aliambiwa. Nilikuwepo. Alitajiwa jina na tabia yake. Sasa alikuwa wapi?"

Alizungusha kikombe. Nilitegemea aseme yale yanayosemwa misibani.

"Nami namuuliza hilo hilo," alisema. "Ndiyo maana sifungi. Nikisema amina nimempa ruhusa aende kwenye kazi nyingine. Namtegemea, mama. Mtu usiyemtegemea humdai."

Kulwa alishindwa kukaa. Yuko Tabora mjini, anaendesha bodaboda. Hupiga simu mwisho wa mwezi. Mwaka juzi alisema, "Dada, tuanue matanga. Tumwite marehemu, watu wajue, mimi nilale. Nikisimama mahali abiria nisiyemjua ananiita Doto kwa sababu tulifanana, nageuka nyuma kumtafuta." Ukoo nao ulitaka hivyo. Baba mdogo alisema jina la mtu haliwezi kuning'inizwa kama mzinga. Niliwaambia wote kwamba sala haijafungwa, wakamuulize mzee. Hakuna aliyekwenda.

Masika iliyopita mkewe alimtuma mtu: mzee ananiita. Nilimkuta kitandani, mlango wazi kama siku zote, amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Kofia ilikuwa juu ya mto, kando ya kichwa. Macho yalikuwa hayaoni tena, lakini moja alilifumba, jingine akaliacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yupo?"

"Hajafika."

"Kaa."

Nikakaa. Mkewe alikuwa anatwanga nje; akaacha kutwanga.

"Mama, mimi naingia," alisema. "Safari hii sina wa kunitaja kichuguuni. Na siwezi kuingia nyingine wakati ile haijafungwa. Nimechoka kuishika."

"Unataka nini, mzee?"

"Ruhusa yako. Nimtaje kwamba ametoka. Ametokea upande wa pili, si upande wetu. Nifunge. Nilikuahidi wewe nitakurudishia, kwa hiyo siwezi kumkabidhi kwa Mungu bila wewe kusema."

Nilimtazama mkono. Ulikuwa umeshika ule ufunguo wa sukari shingoni. Nilimfikiria Kulwa juu ya pikipiki. Nilijua neno linalotakiwa, ndiyo, ni dogo, watoto wanalijua. Sikuhisi uchungu wala hasira, nilihisi kama mtu aliyesimama mlangoni na mzigo kichwani, hana mkono wa kufungulia. Nikasema, "Bado."

Nilidhani atanisihi. Akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, mpaka mkewe akaja kuchungulia.

"Bado," alimwambia mkewe. "Umemsikia? Nami nilidhani nimebaki peke yangu." Akapapasa kando ya kichwa, akaichukua kofia, akanisogezea. "Basi sala utaishika wewe. Utanitaja na mimi. Ukifika mwisho, fanya lililo sawa."

"Nikutaje na udhaifu gani?"

"Unaujua."

"Mwoga?"

"Na sukari."

Alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Kanisani mchungaji alisema amina nyingi, naye bibi wa benchi la nyuma alikohoa kwa mazoea ingawa haikuhitajika.

Baada ya mazishi nilikwenda kwenye kichuguu. Shija alitaka kunifuata, nikamwambia abaki na wageni. Niliiweka kofia kifuani, kwa kuwa mimi sina ya kuvua. Jicho moja nililifumba. Nikasema ameingia mzee wa kanisa, mwoga, mwenye choyo cha sukari, na hakuna hirizi mwilini mwake. Nikasema ametoka Jumanne. Ametoka Masanja. Ametoka Kulwa, ingawa hajajibu mwenyewe. Nilipofika kwa wa mwisho niliita tu, "Doto," nikasubiri.

Yeye hasikii akiitwa mara moja. Nikaita tena. Nilikaa pale mpaka nikaona moshi wa majiko ya nyumbani, na watu wa msiba walikuwa hawajala, nikaenda kuwapikia. Kofia iko ukutani. Nyumba ya mzee bado haina kufuli, na mkewe analala vizuri. Jumapili naenda kwake, ananiuliza kama Doto yupo, namwambia hajafika, tunakunywa uji. Amina ile iko kwangu. Najua ni ya mzee, na najua anaingoja.